Sikwenda kumzika baba wa rafiki yangu wakati wa korona. Naombeni ushauri

Kijana wa Ujiji:
Wakubwa zangu shikamooni. Niko Ujiji, Kigoma. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Machi 2020 shule zilipofungwa, mimi na rafiki yangu tulikuwa kidato cha nne. Tulizoea kusoma kibarazani kwao, jioni tunashuka mwaloni kuanua dagaa. Nilikuwa nalala chumba kimoja na bibi, naye ana pumu. Mama akakataza kutembelea watu, nikatii. Rafiki akija, yeye anasimama nje ya ua, mimi mlangoni, katikati yetu ndoo ya koki na kipande cha sabuni.

Mei baba yake akafariki ghafla. Msiba nyumba ya nne tu kutoka kwetu. Sikwenda. Jeneza lilipopita nilikuwa chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, nimevaa barakoa ya kitenge aliyonishonea mama. Yeye amebeba mbele. Akaniona, akageuza uso.

Shule zilipofunguliwa Juni 29, akahama dawati. Mpaka leo ni "mambo", "poa", basi. Mwezi ujao anaoa, mchango nimeshatoa. Nimwombe radhi kabla ya harusi, au nitakuwa namfukulia msiba kwenye furaha yake?

Mama Wawili:
Mwanangu, mazishi hukwenda, sawa. Baadaye ulikwenda kuhani?

Kijana wa Ujiji:
Hapana mama. Niliona aibu, siku zikapita.

Mama Wawili:
Basi hapo ndipo penye deni.

Nesi wa Kasulu:
Mdogo wangu, kwa bibi usijilaumu. Ugonjwa ule mtu aliweza kuambukiza kabla hata hajaanza kukohoa, na chanjo kwetu ilianza Julai 2021. Mwenye pumu alilindwa kwa umbali na kunawa mikono. Ila ukienda, usianze na maelezo hayo. Anza na pole.

Wa Ipuli, Tabora:
Mimi nilikuwa upande wa rafiki yako. Mama yangu tulimzika mwaka huohuo, na wenzangu wengi hawakuja. Walioogopa ugonjwa niliwaelewa, nami niliogopa. Aliyeniumiza ni rafiki niliyekutana naye sokoni wiki tatu baadaye, akaniambia "mambo" kama vile hakuna kilichotokea. Nilitaka amtaje mama tu. Mtaje baba yake, kaka. Kwa jina.

Mama Wawili:
Na usimvamie bwana harusi na shughuli zake. Nenda kwanza kwa mama yake mzazi. Yule ni mjane, hakuna siku ya kuhani iliyompita. Bibi yako bado yupo?

Kijana wa Ujiji:
Yupo, anatembea kwa mkongojo.

Mama Wawili:
Nenda naye.

Kijana wa Ujiji:
Nimemweleza bibi usiku huu. Kanyamaza kidogo, kisha akasema mzee yule ndiye aliyekuwa akimletea migebuka kila akirudi ziwani, na yeye pia hajawahi kwenda. Tunakwenda kesho baada ya alasiri. Tubebe nini? Sukari kilo mbili inatosha?

Mama Wawili:
Inatosha. Ongeza majani ya chai.