Mjadala: Je, kazi ya shaba Katanga ilianza mwaka 1906?

Kila historia ya Katanga, eneo la kusini-mashariki mwa Kongo, inapozungumzwa, husikika hoja kwamba uzalishaji wa shaba ulianza ilipoundwa kampuni ya uchimbaji madini ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906, na kwamba yaliyotangulia yalikuwa kazi ya mikono isiyostahili kuitwa kiwanda. Naipinga hoja hiyo, na wenye mtazamo tofauti nawakaribisha waijibu kwa ushahidi.

Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyepita huko mwaka 1892, na baada yake watafiti wa kampuni ya Robert Williams, mhandisi wa migodi kutoka Uskoti, walikuta mashimo yaliyokwisha kuchimbwa na wenyeji, na ni juu ya mashimo hayo, yakiwemo ya Kambove, migodi ya Union Minière ilipowekwa. Katika makaburi ya bonde la Upemba, humo humo Katanga, imefukuliwa misalaba midogo ya shaba waliyozikwa nayo watu karne kadhaa kabla ya Mzungu kufika.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Mavuno yakishaingia ghalani, watu walihamia machimboni: wanawake na watoto wakiokota malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, wanaume wakishuka mashimoni na kuchoma mkaa, huku fundi mkuu, aliyerithishwa ujuzi wake pamoja na miiko na dawa zake, akijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Mivukuto ya ngozi ya swala ilivukutwa mpaka mawe yakatoa shaba, ambayo ilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Mgawanyo wa kazi upo hapo, ujuzi unaolindwa upo, na ipo bidhaa ya umbo maalumu iliyotambulika mbali sana na ilikotengenezwa. Chini ya Msiri, mfanyabiashara wa asili ya Unyamwezi aliyeweka makao yake Bunkeya, mafundi walivuta pia nyaya za kutengenezea bangili.

Sikatai kwamba kiwango kilibadilika mno. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, tanuru la Lubumbashi likaanza kazi mwaka 1911, na kufikia 1928 uzalishaji ulikuwa umepita tani 100,000 kwa mwaka. Ila tusisahau ni kwa mikono ya nani: shirika la kuandikisha vibarua lililoanzishwa mwaka 1910 lilikusanya vijana kupitia kwa machifu, mara nyingi kwa shuruti, na katika nchi iliyokuwa na wayeyushaji wa vizazi vingi, Mwafrika akahesabiwa kuwa mtu wa sururu tu. Dhuluma hiyo huendelezwa kila tunapoianza historia mwaka 1906.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, ikiungwa mkono na Union Minière hiyo hiyo, bendera yake iliwekewa misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zake za mwaka 1961 zikapigwa alama ya msalaba huo. Anayeshikilia 1906 na atueleze kwa nini serikali ile ilichagua kazi ya mafundi wa kale, wala si bomba la moshi la Lubumbashi.