Tunataka mtandao wa nchi nzima wa kuwafikia vijana wa mitaani. Nishaurini kabla ya Ijumaa

Mtumishi_Ngara: Wakuu, hamjambo. Tuko wanane, kanisa moja hapa Nairobi. Huu mwaka wa 6, kila Jumanne na Alhamisi usiku tunatembea kutoka Globe hadi Mlango Kubwa, tunaketi na vijana kwenye besi zao, yaani maskani yao ya mitaani. Hatubebi kipaza sauti wala hatumhamishi mtu. Tunakunywa chai nao mpaka mtu aseme mwenyewe anachotaka. Vikundi vya Nakuru na Eldoret vinafanya vivyo hivyo, nasi tumeona tuungane. Je, tujisajili kama shirika au tubaki chini ya kanisa?

Shosh_Pangani: Mungu awabariki. Mimi nilimchukua mmoja Muthurwa, wa miaka 11. Alikaa wiki tatu akatoroka na viatu vya marehemu mzee wangu. Miaka minne baadaye akaja kunisalimia, sasa ni makanga. Nikampikia chapati, akala sita. Msichoke, wanangu.

Wakili_Mtaani: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ni ya 2013 lakini ilianza kutumika Mei 2024. Usajili unawezekana. Mbona Ijumaa?

Mtumishi_Ngara: Kuna makaratasi fulani tu.

Zamani_Besi: Makaratasi gani, bro? Sema yote.

Mtumishi_Ngara: Haya. Mfadhili wa nje anataka miji 10 ndani ya miezi 12. Nimeshatia sahihi. Awamu ya kwanza imeingia kwenye akaunti yangu, maana kikundi hakina akaunti. Ijumaa natakiwa kutuma orodha ya miji. Nimeandika Kisumu na Mombasa, na huko sijaongea na mtu. Lakini nielewe: sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639, na wa Nairobi walikuwa 15,337. Hao wengine nani anawaendea? Nikingoja kila kamati ikae, tutazidi kuzika vijana. Hela sijagusa ila elfu 18, za hospitali ya kijana aliyegongwa na gari.

Shemasi_K: Askofu wako anajua? Soma Matendo 5, Anania na Safira walioficha sehemu ya fedha. Nasema kwa upendo.

Fundi_Burma: Miji kumi kwa mwaka! Hata matatu hubeba abiria wakiwa wamefika steji.

Mzee_Maktaba: YMCA, chama cha vijana Wakristo, kilianza London 1844. Vyama vya nchi mbalimbali vilikuwa tayari vinafanya kazi vilipokutana Paris 1855 na kuandika msingi wa pamoja, kila kimoja kikabaki na mamlaka yake. Wewe umeanza na karatasi.

Sina_Haraka: Uzi huu umetungwa. Mfadhili gani anatuma hela kwa akaunti ya mtu? Kesho tutawekewa namba ya M-Pesa tuchangie.

Fundi_Burma: Hata mimi nilishtuka. Hiyo hesabu ya sensa mtu huiweka kichwani kweli?

Shosh_Pangani: Mwacheni mtoto wa watu.

Mtumishi_Ngara: Sijaomba shilingi ya mtu hapa. Hiyo hesabu naijua kwa sababu nimeiandika kwenye maombi ya fedha mara nyingi.

Zamani_Besi: Ni wa kweli. Chupa yao ya chai ni ya bluu, kifuniko kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. 2021 nilikuwa besi ya kando ya mto, chupa ya gundi ya kunusa nimeificha ndani ya mkono wa sweta. Mtumishi, uliiona, hukusema kitu. Uliniuliza nyumbani wananiita nani. Nilikaa miezi mitano kabla sijakujibu, na kila Jumanne ulirudi. Sasa Kisumu nani atarudi? Ukiwapelekea vijana wa huko watu wa kupiga picha mara moja, watamfukuza na yule wa kweli atakayekuja baadaye. Toa hayo majina mawili.

Mtumishi_Ngara: Nimekujua. Nimesoma mara tatu. Naandika barua sasa hivi: miji mitatu, Nairobi, Nakuru na Eldoret. Wakili, mfadhili akikataa nirudishe hela zote?

Wakili_Mtaani: Akikataa, rudisha. Kwa sasa mwambie pia ziko kwa jina lako, na fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu.

Sina_Haraka: Na zile elfu 18? Una risiti?

Mtumishi_Ngara: Ninayo, na jina la kijana limeandikwa.

Sina_Haraka: Basi iambatanishe na barua.