Re: Sistemu ya duka la bro Moro (msinunue laptop kwanza)

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Mwaka juzi niliuliza humu kuhusu programu ya duka la hadwea na wengi mlinijibu, asanteni sana. Narudi na majibu maana wiki hii kuna ndugu anauliza laptop gani na skana gani ambebee dada yake mwenye duka Desemba. Ndugu yangu, kabla hujalipia chochote nisome kidogo.

Mimi niko Leicester, napiga IT sapoti kwenye kampuni ya mizigo, na mnajua nyumbani ukishasema unafanya kazi ya kompyuta basi wewe ndo Bill Gates wa ukoo. Bro ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, saruji, nondo, mabati, rangi, misumari. Akaniambia mdogo wangu hela inaingia siioni inapokwenda, nifungie sistemu. Nikavimba kichwa! Nikalipia programu ya mtandaoni kwa mwezi kwa dola, nikanunua laptop, skana, printa ya risiti, nikatoa hadi viatu vya mama kwenye begi ili kilo zitoshe, nikafundisha vijana wa duka siku mbili nikarudi zangu.

Wiki ya tatu daftari limerudi kaunta.

Kilichoniumbua kwanza ni bei. Programu ile inajua bei moja tu. Sasa Moro mteja anakuja na fundi wake, cha kwanza anauliza bei ya mwisho shilingi ngapi, na ukitaka kumpunguzia mashine inadai pasiwedi ya bosi, bosi yuko saiti Kihonda simu hapokei, mteja ameshaangalia duka la jirani, kijana afanyeje? Anauza nje ya mashine anaandika daftarini, na siku zikienda anaona daftari ni rahisi zaidi. Halafu misumari inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo na robo, nondo inanunuliwa kwa tani inauzwa kwa kipande, mimi nilikuwa nimeingiza "moja, mbili, tatu" kama soda. Madeni ndo sikuyawekea hata sehemu, na nusu ya mafundi wa Moro wanachukua mali leo wanalipa wakilipwa.

Ikaja Jumapili ile tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, mnakumbuka hata WhatsApp za nyumbani zilivyosuasua. Jumatatu bro ananipigia kwake saa mbili asubuhi, huku saa kumi na mbili niko kitandani, foleni ya watu wa saruji mpaka barabarani na mashine inazunguka tu. Nimsaidie nini mimi na blanketi langu?

Ndo akamtafuta kijana mmoja wa Dar, mshauri wa IT. Alichofanya huyo kijana, alikaa kwenye stuli pembeni ya kaunta siku tatu, hajagusa kompyuta, anaangalia tu na kuandika. Akadai laki nane. Nikamwambia bro umepigwa, mtu analipwa kwa kukaa?

Nikasoma ripoti yake, ukurasa mmoja na nusu, nikanywea. Kumbe Lipa Namba, zile namba mteja anazolipia kwa simu, zilikuwa tatu, moja ya duka, moja jina la bro, moja jina la shemeji, na jioni hakuna anayezijumlisha. Risiti za EFD, zile mashine za risiti za kodi ambazo bro anazo tangu zianze 2010, mauzo mengine yalikuwa yanapigwa jioni kwa kukumbukakumbuka, kwa hiyo hesabu ya VAT na hesabu ya duka haziwezi kukutana hata siku moja. Hela haikuwa inaibiwa kivile, ilikuwa inapotea njiani. Akashauri Lipa Namba moja, programu inayofanya kazi bila intaneti halafu inatuma data usiku, kijana wa kaunta awe na kiwango chake cha kupunguza bei bila kumwita mtu, daftari la madeni libaki sambamba miezi mitatu mpaka wazoee, UPS ndogo, betri ya kushikilia mashine TANESCO wakikata umeme, na mtu wa kupigiwa simu awe Moro hapohapo. Hicho cha mwisho kiliniuma maana alikuwa ananisema mimi, sema ana haki. Laptop niliyobeba wameibakiza, skana iko stoo.

Mdogo wa Moro, Leicester

---

> Akadai laki nane. Nikamwambia bro umepigwa

Nimecheka peke yangu kwenye basi. Mdogo wangu, hapa Muscat nafanya kazi hiyohiyo kwenye kampuni za watu, na siku za kukaa na kuangalia ndizo ghali kuliko za kufunga mitambo.

Swali langu ni la hela. Kuna kampuni Dar inataka niwashauri kwa mbali, ankara nitoe nikiwa huku. Kodi inakuwaje?

Baba Nasra, Muscat

---

Kaka Baba Nasra, mke wangu mhasibu Dar kwa hiyo hili nimeshalisikia mezani. Ukiwa si mkazi wa Tanzania, kampuni ya kule inakukata kodi ya zuio asilimia 15 kabla ya kukulipa, mkazi anakatwa asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu. Lisemeni kwenye mkataba mapema, je bei ni kabla au baada ya zuio, vinginevyo siku ya malipo mnagombana bure na ulishapiga bajeti ya ada za watoto.

Na wadogo zangu mliopo Uingereza kwa visa ya mwanafunzi, kujiajiri hamruhusiwi, kwa hiyo msije mkatoa ankara kwa shauku. Hapa Marekani pia mwenye visa ya kazi ya H-1B amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Kumsaidia kaka bure ni jambo jingine.

Niongeze yaliyotukuta sisi. Biashara ya familia ilitengenezewa tovuti na imeili na jamaa mmoja, kazi nzuri tu, ila domeni, yaani jina la tovuti la .co.tz, akaiandikisha kwa jina lake. Mwaka wa pili wakakosana juu ya malipo, jamaa akazima simu, imeili za wateja zikaenda na maji. Tukaanza upya na jina jingine, stika za magari tukabandua zote. Domeni, pasiwedi kuu na akaunti ya sava viwe kwa jina la kampuni siku ya kwanza.

Mzee wa Houston

---

Aki hii maneno imenigusa. Sisi ilikuwa kinyume, tulitaka kuuziwa kitu hatuhitaji. Shemeji yangu ana agrovet ndogo Nakuru, duka la mbegu na dawa za mifugo. Kutoka Januari 2024 gharama haina invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi Kenya, hauwezi kuitoa kwa hesabu ya kodi, so wakulima wakubwa wakaanza kuitisha invoisi, yeye akapanic. Jamaa mmoja wa sistemu akamwambia laki moja na themanini, mashine na programu na treining. Akanipigia huku Minnesota nitume. Nikauliza uliza, nikapata msichana fulani hukohuko Nakuru, akamwonyesha KRA wako na njia ya bure ya wafanyabiashara wadogo, unapiga *222# kwa simu unatoa invoisi. Akaitisha elfu tatu na chai. Sasa huyo ndiye naita mshauri, angeweza kumuuzia lakini akamwambia wewe bado.

Mama Wambo, Minneapolis

---

Mama Wambo huyo msichana mtunze.

Nimepokea imeili tano za pembeni zinaomba namba ya kijana wa Dar. Sitaiweka hapa, nimemuuliza kwanza, amesema sawa ila anaomba kitu kimoja kabla hajakubali safari, mwenye duka apige picha kurasa tatu za daftari lake kama lilivyo, na makorokocho yote, majina ya wadaiwa ayafunike na karatasi. Wewe wa dada yake Desemba, anza na hizo picha, na begi beba viatu vya mama.

Mdogo wa Moro