Mrejesho: poinsetia zimewiva, mchawi alikuwa taa ya ukutani

Shikamooni wakubwa, habari za leo wenzangu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kwa nini poinsetia zangu (mmea wa mapambo ambao majani yake ya juu hugeuka mekundu), vyungu kumi na viwili, hapa Raskazone Tanga, zinanawiri majani mabichi tu bila wekundu. Nilidhani ni mbolea. Mkaniambia niangalie usiku, si udongo.

Mlisema kweli. Taa ya ulinzi ilikuwa inawaka juu yake hadi alfajiri. Mmea huu hupima urefu wa giza, na giza likikatizwa na mwanga, mmea unaona bado siku ni ndefu, hivyo hautoi maua wala wekundu.

Nikahamisha vyungu kumi na kimoja nyuma ya jiko, kimoja nikakiacha palepale makusudi. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 1 asubuhi nikavifunika kwa nailoni nyeusi. Hapo nilikosea: nikiingiza mkono ndani, joto kama la chungu kinachotokota, na usiku wa joto nao huchelewesha rangi. Nikabadilisha, nikaweka kitambaa cheusi kizito juu ya fito, chini hewa inapita.

Wiki ya sita vishipa vya majani ya juu vikaanza kuwa vyekundu, kisha jani zima. Katikati sasa kuna vijiua vya manjano, vidogo kama punje za mtama. Hayo ndiyo maua yenyewe. Kile cha chini ya taa bado kijani kibichi.

Dada uliyenishauri kuhusu taa, Mungu akubariki. Chungu chako nimekutengea.