Embe kwa Kisanskriti: ni āmraḥ au āmram?

Swali: Wakuu naombeni msaada, najisomea Kisanskriti na neno la embe linanichanganya, kwenye kamusi naliona āmraḥ alafu kwenye sentensi wanaandika āmram, ni makosa ya uchapaji au kuna kanuni?

Jibu: Si makosa mkuu. Kisanskriti kina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na ile isiyo upande wowote. Mti ni āmraḥ, wa kiume, tunda ni āmram, hiyo ya tatu. Sisi mwembe/embe tunabadilisha mwanzo, wao mwisho. Na sio embe tu, cheki āmalakī (mti wa amla, tunda dogo chachu la India), mti wa kike kabisa, ila tunda lake āmalakam! Pāṇini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, aliliwekea kanuni: kile kiambishi cha "kitokanacho na" (mti fulani) kinadondoshwa ukimaanisha tunda. Mimi hapo ndo huwa namvulia kofia yule mzee.

Jibu: Niongezee, wingi ni āmrāṇi, ile n inatamkwa ulimi umekunjwa nyuma sababu ya r iliyotangulia, usiisahau.

Jibu: Kwenye Kiprakriti (lugha za watu wa kawaida India ya kale) ikawa amba, jaribu kutamka "mra" harakaharaka utasikia b inajipenyeza yenyewe katikati, baadae r ikapotea, ndo maana Kimarathi wanasema āmbā na Kihindi ām. Ila "mango" ya Kiingereza usiichanganye humu, hiyo ni ya India kusini, Kimalayalam māṅṅa, Wareno wakaibeba kama manga.

Muuliza swali: Asanteni sana wakuu, sasa naelewa kwa nini āmalakī nilishindwa kuipata kwenye orodha ya matunda.