Mume wangu kaikataa mashine ya kulalia. Hiki kidude cha mdomoni kinafaa?

MamaSwafiya, Bamburi:
Assalaam alaykum. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia haya.

Mume wangu ni dereva wa lori, huvuta makontena kutoka bandarini hadi Nairobi. Anakoroma mpaka majirani wanajua karudi safari. Kinachonitisha ni pale anaponyamaza: kifua kinahangaika, pumzi haitoki, halafu anashtuka akitweta. Mchana anasinzia na kikombe cha kahawa mkononi. Alipimwa usingizi, ikaonekana pumzi inakatika au kupungua mara 22 kwa saa, akaandikiwa mashine ya CPAP, ile ya kuvaa barakoa inayosukuma hewa ili koo lisizibe usiku. Kaijaribu ya kuazima, hataki hata kuiona: joto, jasho chini ya barakoa, na stima ikipotea ndiyo basi tena. Sasa kasikia kuna kifaa kama meno bandia, unavaa usiku. Kinatibu kweli?

Ami wa Kizingo:
Binti yangu, mimi ninacho. Ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeunganishwa ubavuni kwa kijiskurubu. Kinalivuta taya la chini mbele na ulimi unafuata, njia ya hewa nyuma ya koo isizibe. Hakivutwi chote siku moja, unazungusha skurubu kidogo kidogo. Mwanzoni mate yalilowesha mto, na asubuhi meno hayakutani sawasawa, mahamri na mbaazi nayatazama tu mpaka taya lirudi mahali pake. Lakini nalala.

Kibe_Kongowea:
Mtandaoni vipo vya bei poa, unachemsha maji, unakilainisha, unakiuma. Si anunue hicho ajaribu?

Daktari wa meno, Tudor:
Asinunue, kaka. Hivyo hulegea na huwezi kuvirekebisha vizuri. Kibaya zaidi, kelele zinaweza kupungua mkadhani amepona, kumbe pumzi bado inakatika.

Dada, 22 ni kiwango cha kati, ambacho huhesabiwa kuanzia 15 hadi 30. Miongozo ya Marekani ya 2015 inakubali kifaa cha mdomoni kwa mtu mzima aliyeshindwa CPAP au asiyeitaka, mradi kitengenezwe kwa alama za meno yake mwenyewe na kiweze kurekebishwa. Nisikufiche: CPAP ndiyo inayoshusha zile 22 zaidi. Ila mashine iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu, na wengi hukivaa kifaa saa nyingi kuliko barakoa. Kikishakaa sawa, apimwe usingizi tena akiwa amekivaa. Msitegemee masikio yako tu. Na aje kukaguliwa kila mara, kwa sababu miaka ikipita meno husogea.

Kama pumzi inakatika kwa sababu ubongo hautoi amri ya kuvuta hewa, kifaa hiki hakitasaidia. Majibu ya kipimo yataonyesha.

Utingo Mstaafu:
Shemeji, meno baadaye. Huyu mtu anaendesha usiku? Ile Voi hadi Mtito Andei imenyooka, hata mzima inamlaza. Mwambie tajiri wake ampumzishe usukani mpaka matibabu yashike. Tena CPAP nyingi zinakubali betri ukipata adapta yake, kwa hiyo hiyo ya stima isiwe sababu.

MamaSwafiya:
Shukran nyote. Hilo la usukani litaleta maneno nyumbani, lakini nitalisema. Daktari, ameng'olewa magego mawili ya chini, na fizi hutoka damu akipiga mswaki. Bado anafaa?

Daktari wa meno, Tudor:
Magego mawili si tatizo. Aghalabu tunataka meno manane au zaidi kila taya, yasiyocheza, maana ndiyo yanayobeba mvuto wote usiku kucha. Fizi ndizo za kutibiwa kwanza, ndipo tuchukue alama.

MamaSwafiya:
Haya. Anateremka Alhamisi, Ijumaa baada ya swala nampeleka mwenyewe, karatasi ya kipimo ninayo mkobani.