Mjadala: Turbo yenye ganda kubwa ndiyo dawa ya milima yetu?

Wakuu, kwenye gereji nyingi za njia ya Mbeya, kuanzia Makambako hadi Uyole, kuna kauli imeota mizizi: lori likichoka mlimani, lifunge turbo yenye ganda kubwa, litapanda. Mimi napinga. Mafundi mnaofanya kazi hiyo, nijibuni kwa hoja.

Kwanza, ganda lipi? Turbo, kifaa kinachotumia moshi wa injini kuishindilia hewa, ina mawili, yote yana umbo la konokono, kila moja na feni yake kwenye shafti moja. La upande wa ekzosi ndilo linaloamua moshi unaipiga feni kwa kasi gani. Likiwa jembamba, turbo inaamka mapema ila injini inabanwa mizunguko yake ikipanda. Likiwa pana, inachelewa kuamka lakini huko juu injini inapumua. La upande wa hewa safi, ukipanua lenyewe tu, faida ni ndogo sana. Hewa inaletwa na feni iliyomo ndani. Nimeshaona ganda kubwa limefungwa kwenye feni ileile ya zamani, ukucha unapita kati ya ncha za mapanga na ukuta, mahali ambapo nafasi haitakiwi kufika hata milimita moja. Hewa iliyokwisha kushindiliwa inavujia hapo na kurudi ilikotoka, na tajiri ameshalipa.

Wenzangu wana hoja moja nzito, nayo ni mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Turbo inayozidisha mgandamizo mara 2 kule pwani, ili ifikie kiwango kilekile hapa inabidi izidishe karibu mara 2.4. Kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, feni kubwa kiasi inasaidia kweli.

Ila tazameni lori lililojaa mbolea likitoka Igurusi, likapita Inyala, likaukabili Mlima Nyoka. Dereva akichelewa kupunguza gia, mizunguko inashuka. Injini inavuta hewa kidogo, turbo kubwa bado inashindilia. Hewa inagoma, inarudi nyuma, na turbo inaanza kukohoa. Kikohozi hicho kikizoeleka, beringi na shafti haziponi. Halafu fundi anaongeza pampu ya dizeli ili kufidia nguvu! Moshi mweusi mnaousifia ni dizeli iliyokosa hewa, na joto lake linaishia kwenye pistoni.

Kabla ya kununua chochote, shika mpira wa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) pale kwenye klipu. Ukikuta mafuta yamegandana na vumbi jeusi, hewa inatokea hapo, na klipu mpya haifiki hata robo ya bei ya turbo.

Anayesema ganda kubwa lilimsaidia, atuambie mambo mawili: feni nayo ilibadilishwa? Na pampu iliguswa siku hiyohiyo?